Nyekundu ya Kwetu

Juzi nilikuwa ofisi ya maji ya Same, nikisubiri zamu yangu. Mezani, mtaalamu wetu na mgeni wake kutoka Kenya walikuwa wameunganisha ramani zao za visima.

Mgeni aligusa doa jekundu upande wetu. “Hapa wekeni kijiji cha ujamaa. Maji matamu tele.”

“Ndugu, hiyo nyekundu ni chumvi. Watu watakunywa magadi.”

“Kwetu nyekundu ni matamu.”

Wakatazamana. Kumbe ramani wamepeana siku zote, rangi hakuna aliyeuliza.

“Basi tufuate yenu,” mgeni akasema. “Niazime penseli nyekundu, nipake visima vyetu vya chumvi.”

Mwenyeji akaikata penseli yake nyekundu katikati, akachonga nusu, akampa.

Hotuba za umoja wa Afrika nimesikia nyingi. Huu nimeuona ukichongwa kwa wembe, tena hapa hapa Same.