Saba Yenye Mkanda

Mzee Ambakisye hakusoma, lakini karatasi alizijua. Miaka thelathini alibeba mizigo pale mpakani Tunduma, na miaka yote hiyo aliona jambo lile lile: dereva mwenye fomu iliyojazwa anavuka kwenda Zambia, mwenye fomu tupu anarudi kulala chini ya lori lake. Hilo halikuhitaji shule.

Msomi wa nyumba alikuwa mkewe, Tukuswiga. Alifika darasa la saba, akaanzisha chekechea katika chumba cha nyuma cha kanisa, akawafundisha watoto wa mtaa kwa karatasi za kuchapisha: hesabu kuku, andika namba, fuata nukta, upate herufi. Alifariki mwezi wa tatu, mvua ikinyesha.

Watoto walibaki na mwalimu Gloria, binti wa juzi tu. Kisha likaja neno: Ijumaa anakuja mkaguzi. Akikuta watoto hawajui kitu, chekechea inafungwa, na chumba wanapewa wanakwaya waweke spika zao. Wiki hiyo wanakwaya waliiombea sana chekechea. Waliomba nini hasa, hakuna aliyewauliza.

"Shikamoo babu," Gloria alikuja kusema. "Naomba karatasi za bibi, zile za kabatini. Unitolee kopi thelathini kila moja. Mimi siwezi kuacha watoto."

"Marahaba. Nitatoa."

Kabatini kulikuwa na mafungu mawili. La kwanza tupu. La pili Tukuswiga alilijaza mwenyewe kwa peni nyeusi, awaonyeshe wazazi namna ya kuwasaidia watoto nyumbani. Mzee hakusita. Chekechea ya mkewe inataka kuvuka, halafu yeye apeleke karatasi tupu?

Fatu wa steshenari alizigeuza mara mbili.

"Babu, hizi zimeshajibiwa."

"Ndiyo maana nimezileta."

"Wanafunzi watafanya nini sasa?"

"Binti, we umekaa mpakani miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi toa kopi."

Fatu akacheka, akatoa kopi.

Ijumaa asubuhi Gloria alifungua bahasha, akakaa chini.

"Babu, umeniua! Haya ni majibu!"

"Mkaguzi anataka nini kingine?"

Hakukuwa na muda wa kumjibu. Gari lilishaingia uani.

Mtoto wa miaka mitano hana ugomvi na majibu. Walishika penseli, ndimi nje, wakapita juu ya wino wa marehemu mstari kwa mstari, kama alivyowazoeza kufuata nukta. Mkaguzi akazunguka na faili lake. Kila mtoto, kuku saba. Kila mtoto amepata.

"Kuku wangapi?" akamuuliza Nesta, mdogo kuliko wote.

"Saba. Na saba inavaa mkanda."

Kweli, Tukuswiga saba yake aliikata katikati kwa kistari. Aliandika hivyo maisha yake yote.

Mkaguzi akatoa fomu yake. Mzee, aliyesimama mlangoni, akaichungulia: ilikuwa imejaa alama za vema za wino tangu juu hadi chini, na mtu bado hajakagua hata robo saa. Alikuja nayo hivyo kutoka ofisini. Ilibaki sahihi tu, akaitia.

Mzee alimtazama kwa heshima. Hapa kuna mtu anayejua karatasi.

Chekechea ikapita. Wanakwaya walipongeza, mmoja mmoja, bila haraka.

Jumatatu Gloria alikwenda mwenyewe kabatini, akachukua lile fungu tupu, akampa mzee mkononi.

"Hizi, babu. Tupu. Watajaza wenyewe."

"Zitarudishwa."

"Hazirudishwi. Nenda tu."

Akaenda. Fatu akauliza, "Leo tupu?" Mzee akamsogezea hela.

Mchana Gloria alikusanya kazi, akaanza kusahihisha. Karatasi ya kwanza, saba ina mkanda. Ya pili, mkanda. Zote thelathini.

"Nani amewaambia saba iandikwe hivi? Mimi siwafundishi hivi!"

Watoto wakamtazama mzee, aliyekuwa amekaa mlangoni. Alikuwa ameomba karatasi moja, ameishika kwa mikono miwili, anapitisha kidole juu ya kile kistari.

"Mimi sijui kusoma," alisema.

Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.