Sombe ya Mponela

Jambo lote lilinigharimu kwacha elfu nane, nauli ya kwenda Mponela na kurudi kambini kwetu wakimbizi, Dzaleka. Nimehesabu mara mbili, jirani. Chakula chenyewe kilikuwa bure, na hiyo bure njo inanisumbua mpaka leo.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, damu iko chini. Nesi alimpa vidonge, akanigeukia: mboga za majani kila siku, na karanga au maharage. Nikaitikia kama mtu mwenye shamba. Pesa ya msaada ikiingia kwenye simu inafika kwenye unga wa nsima, ugali wa huku, inagusa chumvi, inaaga.

Nje ya Mponela, nikitafuta mboga za bei ya shamba, nikamkuta mama mmoja anang'oa mihogo. Majani anayatupa pembeni, rundo linanifika kiunoni. Kwetu Fizi hiyo ni sombe, mboga ya kutwanga, yeye anaikanyaga. Nikaanza kazi ninayoijua, kuchafua mali ya mtu ili bei ishuke.

"Mama, majani yamekomaa haya, magumu kama ngozi."

"Kweli kabisa, baba. Ndiyo maana nayatupa."

Kwa Chichewa yangu ya sokoni nikarukia bei.

"Sasa gunia moja ngapi?"

"La takataka?" Akacheka hadi akaegemea jembe. "Unaipeleka wapi?"

Nikamweleza hali ya mke wangu. Kicheko kikaisha. Akaingia ndani, akatoka na kopo la karanga, akanimiminia kwenye mfuko.

"Zitwange, uchanganye na majani."

Nikauliza bei. Nikauliza tena. Akanifukuza kama kuku, gunia la majani begani.

Kwenye minibasi nikazitazama zile karanga vizuri: zimechaguliwa mojamoja, hakuna iliyovunjika. Zilikuwa mbegu. Miaka yote hii sokoni, mi sijaona mtu akimpa mgeni msimu wake ujao.

Majani mengine tulitwanga, mengine tukakausha. Mke wangu akaonja sombe isiyo na mawese.

"We baba, hii ni sombe ya wapi?"

Kisha akafuta sufuria kwa kidole.

Siku ya kliniki nesi akapima damu. Nikamwomba apime tena. Imepanda. Nikakaa kwenye benchi.

Sasa mvua inakaribia, watu wanapanga matuta. Nataka kumrudishia mbegu kabla hajakosa cha kupanda. Lakini nikipeleka kopo kwa kopo, nitakuwa nimelipa, na malipo alikataa. Nikipeleka mawili, ataona namshinda. We jirani, unayewajua watu wa huku kuliko mimi, nishauri: nikifika mlangoni kwake nianze na neno gani?