Mjane Aliyekatazwa Kukaa Eda

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo huacha ninachokifanya nikakaa. Basi njoo ukae nawe, usisimame mlangoni kama mgeni wa serikali. Juzi ulipokuja kutoka Utange uliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, hadithi yako fupi ya kurasa tatu nne itawafanya nini wanajeshi wanaozitawala nchi za watu kwa bunduki. Sikukujibu, maana nilikuwa na wali jikoni na swali lako halikutaka jibu la kusimama. Leo nina nafasi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza ualimu, hapa hapa Timbwani. Nyumbani kwetu, chumba cha uani, alikaa mkimbizi jina lake Bi Zaituni, aliyetoka nchi moja ya jirani, bara huko, ambako wanajeshi walikuwa wameitwaa serikali. Nchi siitaji, wenyewe wanajijua. Mama alimpokea bila kumchimba maswali. Watu wakimwuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Amesafiri," kisha akatafuta kitu cha kushika mikononi.

Asubuhi ya siku hiyo ninayokwambia tulikuwa tukichagua mchele, mimi na yeye. Mtaa wa pili kulikuwa na mjane amekaa eda, nami nikaropoka, "Masikini! Miezi minne na siku kumi ndani, hana manukato, hana wanja. Adhabu gani hii!" Kijana hajui kunyamaza, nawe unajijua.

Bi Zaituni aliuweka ungo chini. "Adhabu hiyo mwenzio naitamani," akasema. Ndipo aliponieleza.

Mumewe, Idrisa, alikuwa fundi wa baiskeli. Askari walimchukua kijana wa jirani, na kosa la Idrisa lilikuwa kuuliza mbele za watu, "Kijana yule yuko wapi?" Wakamchukua na yeye. Mchunga ng'ombe mmoja, jamaa yao, akamwona mtoni, amekufa, akaja kumnong'oneza Zaituni. Walipokwenda kuitafuta maiti hawakuikuta. Na redio ya serikali ikatangaza kwamba fundi Idrisa ametoroka nchi, anastarehe ng'ambo.

Zaituni hakubishana na redio. Alivua bangili, akafuta wanja, akakaa eda. Basi. Hakumwambia mtu neno, lakini mji mzima ukaelewa, kwani nani amepata kumkalia eda mume aliyesafiri?

Wanajeshi nao wakaelewa. Waliingia chumbani kwake mchana, na viatu vyao miguuni, mpaka juu ya mkeka. "Nani kakwambia amekufa?" Angejibu, mchunga ng'ombe asingeliona jua la kesho. Akanyamaza. Wakamwamuru avae nguo za rangi, ajipake marashi, apite sokoni watu wamwone. Wallahi, mwanangu, walimtembeza sokoni kama bibi harusi, mwanamke aliyefiwa! Baada ya hapo alikimbia. Dada yake Hadija alibaki kule, na yule mchunga ng'ombe pia.

"Wewe unajua kuandika," akaniambia. "Andika, watu wajue. Mimi kinywa changu wamekifunga."

Nikaandika. Loo, niliandika! Nilichora jemadari mwenye tumbo kama mtungi, nishani mpaka kiunoni, damu kila mstari, na matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Idrisa nikamtaja, mji nikautaja, mpaka mchunga ng'ombe nikamtaja, nikiona huo ndio ukweli. Nikaipeleka kwa somo yangu, Mwalimu Mwanaidi. Huyo ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, na alikuwa na chuo cha kusomesha wasichana, mpenzi wa vitabu, na mkali kama pilipili.

Akaisoma yote, hakuruka neno. Akavua miwani.

"Haya. Jemadari nimemwona, na tumbo lake nimeliona. Zaituni yuko wapi?"

Nikaanza kupekua karatasi zangu kumtafuta.

"Na huyu mchunga ng'ombe uliyemwandika jina, ana shingo ngapi?"

Mwanangu, nikalikata jina lile kwa kalamu pale pale. Kwa kutaka sifa ya ujasiri ningewamaliza watu ambao hata sijawaona.

"Ukimtukana dhalimu, utakayefurahi ni wewe," akaendelea, sasa kwa upole. "Yeye matusi ameyazoea, na jela anayo. Nionyeshe mwanamke anayepakwa marashi kwa amri. Kaa chumbani humo humo, usitoke. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua."

Nikarudi nikaanza upya. Jemadari nikamtoa, ikatoka nchi, yakatoka majina, damu nikaiacha yote. Akabaki mjane, chupa ya marashi, na viatu vya askari juu ya mkeka. Nikamtia na askari mmoja kijana anayetazama chini, maana mamake naye alipata kukaa eda. Huyo nilimbuni. Nilipomsomea Bi Zaituni, alilia mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni. "Huyo si mimi," akasema, "lakini hayo ndiyo yaliyonipata."

Gazeti moja la Kiswahili likaichapa. Kisha kimya, mwezi baada ya mwezi. Nikajiambia nimempigia mbuzi gitaa, kama unavyojiambia wewe sasa.

Miaka ikapita, wanajeshi wale wakaanguka, maana hakuna marefu yasiyo na ncha. Hadija akaja kumwona dadake. Alivuka feri na furushi lake kichwani, na kabla hajapumzika akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeandika habari za mjane?"

Kumbe gazeti lile lilifika kwao limefungiwa papa mkavu! Dereva wa lori alimletea mkewe kitoweo, mke akausoma ukurasa badala ya kuutupa. Ukapita jiko hadi jiko mpaka ukachakaa, wakaunakili. Na wanawake ambao waume zao, kwa mujibu wa redio, walikuwa wametoroka, wakaanza kuvua bangili. Nyumba hii eda, nyumba ile eda.

Wakubwa wa jeshi walighadhibika. Mwalimu mmoja wa kike alikutwa na hadithi hiyo, akaitwa kwa afisa. "Hadithi hii inamsema nani?"

"Sijui, bwana mkubwa," akajibu. "Haina nchi, haina jina. Wewe umemtambua nani?"

Hadija alisema afisa alifungua kinywa, akakifunga. Angemtia ndani, angekuwa amekiri kwa mji mzima kwamba viatu vile juu ya mkeka ni vyao. Akamwachia aende zake, na tangu hapo hakuna mjane aliyetolewa eda.

Tulipiga vigelegele, hata Mwalimu Mwanaidi, uzee na ukali wake wote! Ijumaa ile tukamsomea Idrisa khitma, jina lake likatajwa hadharani, na Bi Zaituni akaketi katikati ya wanawake wenziwe kama anavyostahili kuketi mjane.

Basi jibu lako ndilo hilo, mwanangu. Hadithi haiwapigi risasi wenye risasi. Huwawekea mlangoni kiatu kisicho na jina, na wao wenyewe ndio wanaokijaribu kikawaenea. Kwa hivyo usiandike kumkomoa mtu, andika mpaka aliyeonewa aonekane. Jina la mnyonge lifiche kama unavyoficha moto upepo ukivuma. Na ukikaa kimya kirefu baada ya kuandika, usidhani hakuna anayesoma. Wenye hofu husoma bila kupiga makofi.

Nenda kaimalize hadithi yako. Mola akupe mkono mwepesi na moyo usiotetereka, akulinde wewe na wote unaowaandika, na akujaalie uione siku ambayo watu watayasema haya waziwazi, wakicheka. Amina.