Mbali na mama, karibu na wali wake

Juzi kwa dalali wa nyumba hapa Nizwa nilimkuta kijana anayekwenda ofisini Maskati siku mbili kwa wiki. Siku nyingine anafanya kazi nyumbani. Nyumba jirani na mamake aliikataa.

"Mama akiniona nipo, ananituma sokoni, ananiita nipokee wageni. Kwake kompyuta si kazi."

Dalali akamtajia mtaa wa Firq, karibu na magereji. "Lakini nyundo kutwa, mwanangu."

"Afadhali nyundo, ami." Akanyoosha mkono wakubaliane, kisha akausitisha. "Huko wali wa mama utanifikia ungali moto?"

Dalali alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Dume zima na ndevu zake! Analalamika mama haioni kazi yake. Huo wali, kwani, unajipika?