Ubao wa Matangazo Mlangoni kwa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Bondeni, na ubao wa matangazo umepigiliwa ukutani mwa ofisi yake, hatua mbili kutoka mlangoni anapokaa. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nikimwona njiani, naingia kwenye migomba mpaka apite. Wasichana wa sasa wamelegeza, lakini mzee wangu ni wa zamani na mimi nilimheshimu. Heshima hiyo nusura inigharimu kituo.

Nalea watoto wadogo mchana, wazazi wao wakiwa shambani au sokoni. Habari zote za serikali kuhusu vituo kama changu, usajili, mafunzo, unga wa lishe, hubandikwa pale. Jirani yangu, ambaye naye ana kituo, ndiye aliyekuwa akinisomea. Kila mavuno nilimpelekea mchele wa Busale kumshukuru. Mjinga mimi.

Ilipokaribia semina ya walezi, ambayo bila kuhudhuria hupati leseni, nilimuuliza. "Imeahirishwa, dada," akasema. "Tulia tu." Nikatulia. Wiki iliyofuata afisa ustawi wa jamii akaniletea barua: nipate leseni ndani ya mwezi mmoja au nifunge. Semina ilikuwa imefanyika, jirani alikaa safu ya mbele, na watoto wangu saba walishahamia kwake.

Sikulia. Niliogopa nikilia hasira itapoa.

Kesho yake nilijifunga kitenge kipya nikaenda ofisini. Mzee aliponiona aligeukia ukuta kwa haraka hadi kiti kikaanguka. Nikapiga magoti nje, macho chini, nikamwambia mtendaji wa mtaa, "Mwambie baba nimekuja kusoma ubao."

Mzee akauambia ukuta, "Mwambie mkamwana asome! Miaka miwili natoka hapa kila siku saa nne ili apate nafasi. Nilimtuma jirani yake amwambie. Nikadhani anatudharau."

Nikainuka, nikauendea ubao. Kwenye ubao palikuwa na tangazo la semina ya pili kwa waliokosa ya kwanza. Nilihudhuria, nikapata leseni.

Tangu hapo, kila saa nne mzee anatoka, mimi nasoma. Siku moja nikakuta tangazo: ukaguzi wa vyoo vya watoto, Jumanne. Jirani alikuwa Katumba Songwe akivuna mpunga, kituo amemwachia msichana wa kazi. Akanipigia simu, asijue kuwa mzee alishanieleza yote.

"Dada, kuna jipya ubaoni?"

"Hakuna," nikasema. "Tulia tu."

Choo chake nilikijua: tundu la watu wazima, mbao zimeoza. Wakaguzi walikifunga kituo siku hiyohiyo. Pale kanisani wananiambia nimekosea, nitubu. Nitatubu nikiwa tayari. Mtoto angetumbukia mle, nani angetubu?

Wale saba wamerudi. Wiki iliyopita jirani mwenyewe alimleta mjukuu wake getini. "Mugonile," akanisalimia, macho chini. Nilimpokea mtoto, nikamjazia kikombe cha uji, maana yeye hana kosa. Bibi yake sikumjibu.

Siku hizi tukikaribia kukutana njiani, anayeingia kwenye migomba ni yeye. Na mimi hupunguza mwendo makusudi, akae humo.