Upande wa Ukutani

Kwenye benchi la kungojea mtaalamu wa shingo, pale Soweto, Mbeya, mama niliyekaa naye alinionya: "Dada, watakunyonga kama kuku wa Krismasi." Nikasali kimoyomoyo, nikaingia.

Mtaalamu, kijana mpole, aliweka vidole viwili chini ya sikio langu, akabonyeza kama anayepima parachichi kama limeiva. Nikangoja kunyongwa.

"Tayari, mama."

"Tayari nini? Hata hujaanza."

Akacheka. "Geuka kushoto." Shingo ikageuka kidogo, bila maumivu. "Sasa niambie, nyumbani unalalaje?"

Nikamwambia kweli. Tangu nimzike mume wangu nalala ukingoni mwa kitanda, nimejikunja. Upande wa ukutani ulikuwa wake, siugusi.

"Basi mimi nitainyoosha na wewe utaipinda kila usiku," akasema taratibu. "Hamia katikati, mama."

Nilipotoka, yule mama wa benchi akaniangalia shingo. "Amekuvunja?"

"Hapana. Amenihamisha."

Nimehamia, kwa shida. Kila siku tunaomba marehemu walazwe mahali pema. Ndugu msomaji, na sisi wajane tuombeeni tulale katikati.