Nilivyomsimulia Mgeni Historia ya Amalfi

Tangu mke wangu afariki, mimi mwongoza wageni hapa Irente nakula peke yangu. Juzi alifika mama mmoja Mwitaliano, naye peke yake, anajua Kiswahili. Nilipomuuliza kwao ni wapi, nikasikia Amalfi. Nikausoma mji huo kwenye simu, na mezani nikammwagia yote: wafanyabiashara wake waliotamba baharini karne nyingi zilizopita, watu wa mji wa Pisa waliouvamia, dhoruba iliyozamisha sehemu ya mji. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Nikajiona profesa.

“Mama, kuna mahali nimekosea?”

“Sijui, baba,” akasema taratibu. “Mimi natoka Melfi. Ni milimani kama hapa, hakuna bahari.”

Nilitamani ardhi inimeze. “Sasa mbona hukunikatiza?”

“Ungenyamaza,” akasema.